Vita ya Cabo Delgado: nani mkweli nyumbani kwetu?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Mtwara mjini. Mama yangu ni Mmwani, watu wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, amezaliwa Palma. Baba ni Mmakonde wa Newala. Tangu vita ianze huko ng'ambo, Cabo Delgado ikitajwa nyumbani hatuelewani tena. Baba anasema Wamwani wanataka kujitenga na Msumbiji kwa sababu hawataki kutawaliwa na Wamakonde. Mama anasema chanzo ni gesi, watu wanaondolewa pwani ili matajiri wachimbe. Mjomba anasema dini imesingiziwa tu. Jirani yetu anadai vita imetoka huku kwetu, Kibiti. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 19, anaangalia video kwenye simu na anasema wale ni watetezi wa wanyonge. Mama mdogo hatujui alipo tangu Palma ilipovamiwa. Nani mkweli? Na huyu mdogo wangu nimwambie nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa habari ya mama mdogo. Umeuliza nani mkweli, lakini naona kinachokuumiza zaidi ni kwamba vita hii ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, imeingia sebuleni kwenu, na kila jibu linalotolewa pale linamnyooshea kidole mmoja wa wazazi wako. Baba akishinda, mama ni msaliti. Mama akishinda, baba hajui lolote. Nitakujibu kirefu, kwa sababu jibu fupi katika jambo hili ndilo linalogombanisha watu.

Watu wa nyumbani kwenu wanabishana wakidhani wanajibu swali moja, kumbe wanajibu matatu. Vita hii ilianzishwa na nani? Kwa nini vijana wengi walikubali kuifuata? Na kwa nini haiishi? Jibu la swali la kwanza halilazimiki kuwa jibu la swali la tatu. Hata wasomi wanaoandika juu ya Cabo Delgado wanapingana hivyo hivyo: mmoja anaandika juu ya mwanzo, mwingine juu ya kuenea, kisha wanaonekana kana kwamba mmoja lazima awe ameongopa.

Nianze na baba, maana neno lake ndilo zito kuliko yote. Je, ni vita ya kujitenga? Hapana, na hapa nasema bila kusita. Watu wanaopigania kujitenga huwa na nchi wanayoitaja kwa jina, mipaka wanayoidai na wasemaji wanaoyapeleka madai yao mbele ya dunia. Eritrea ilipigana na Ethiopia miaka 30 na kila mtu alijua inachotaka, hadi ikapata uhuru wake mwaka 1993. Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011 kwa kura, baada ya vita iliyokuwa na viongozi waliofahamika na mikataba iliyosainiwa. Cabo Delgado hakuna aliyedai jamhuri ya Wamwani. Machi 2020 wapiganaji walipoingia Mocímboa da Praia walipandisha bendera nyeusi, na katika hotuba zao za siku zile walisema wanataka utawala wa sheria ya dini badala ya serikali ya FRELIMO, chama kinachotawala Msumbiji tangu uhuru. Kundi la Dola ya Kiislamu lilianza kudai mashambulizi ya huko kuwa yake tangu Juni 2019, na mwaka 2022 likaitangaza Msumbiji kuwa mkoa wake wa peke yake. Wenye fikra hiyo hawaheshimu mpaka wa nchi yoyote. Wangeupata mto Ruvuma wasingesimama pale, na Kitaya, kijiji cha huku kwetu Mtwara, wameshatuonyesha.

Tena kuna jambo ambalo baba huenda hakulisikia. Wazo la Cabo Delgado kusimama peke yake liliwahi kutajwa kweli katika historia, na aliyehusishwa nalo alikuwa Mmakonde. Lazaro Nkavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa jimbo hilo wakati wa vita ya ukombozi, aligombana na wenzake, akatuhumiwa kutaka jimbo lake lijitenge, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Wamakonde wengi waliendelea kupigana chini ya FRELIMO hata hivyo. Ndiyo sababu nakuomba usikubali kabila zima libebeshwe nia ya mtu mmoja, liwe la baba au la mama.

Lakini usimwambie baba kwamba amekosea kila kitu. Ameona kidonda cha kweli. Wamakonde wa uwanda wa Mueda ndio walioibeba sana vita ya ukombozi. Mauaji ya Mueda, Wareno walipowapiga risasi wananchi, yalitokea Juni 16, 1960, na risasi za kwanza za FRELIMO zililia Chai, Cabo Delgado, Septemba 25, 1964. Baadaye wapiganaji wengi wa FRELIMO walifunzwa huku kwetu, Nachingwea. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, pensheni za wapiganaji wa zamani, vyeo na mlango wa kuingilia serikalini viliwafikia hao zaidi kuliko watu wa pwani. Wamwani waliyaona hayo. Septemba 2005, baada ya ubishi wa uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia, wafuasi wa chama cha upinzani cha RENAMO, wengi wao Wamwani, na wafuasi wa FRELIMO, wengi wao Wamakonde, walipigana na watu wakafa. Kisha Filipe Nyusi, mtu wa Mueda, akawa rais mwaka 2015. Kijana wa pwani asiye na kazi akiambiwa kwamba nchi hii ina wenyewe, haoni cha kubisha.

Hata hivyo waliojiunga na kundi hili ni Wamwani, Wamakua, na Wamakonde pia, pamoja na wageni. Na walioteseka zaidi ni nani? Hesabu vijiji vilivyochomwa Quissanga, Macomia, Mocímboa na Palma. Wengi ni Waislamu, wakiwemo Wamwani wengi. Kama hii ni vita ya kuwakomboa Wamwani, basi Wamwani wameilipia kwa nyumba zao na watoto wao.

Sasa mama na gesi yake. Tuangalie tarehe, kwa sababu tarehe hazina ndugu. Mtafiti Eric Morier-Genoud amefuatilia chimbuko la kundi hili akalikuta tangu mwaka 2007, Balama, wilaya ya bara kabisa, mbali na visima vya gesi. Gesi ya bonde la Ruvuma upande wa Msumbiji ilitangazwa mwaka 2010 na kampuni ya Anadarko. Shambulizi la kwanza, la vituo vya polisi Mocímboa da Praia, lilikuwa Oktoba 5, 2017. Ujenzi mkubwa wa mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, ulikuja baadaye. Kitu kilichogunduliwa mwaka 2010 hakiwezi kuwa kimelianzisha kundi lililokuwapo mwaka 2007. Wala madai kwamba wachimbaji waliitaka vita hii hayaendi na kilichotokea: Palma ilivamiwa Machi 24, 2021, na mwezi uliofuata kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ilisimamisha mradi wa dola bilioni 20, ukakaa miaka bila kuendelea.

Sisi wa Mtwara tuna kipimo kingine ambacho wasomi wa mbali hawana. Januari na Mei 2013 mji wetu uliwaka kwa sababu ya gesi. Watu walisema gesi haitoki, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaletwa, watu wakapoteza maisha. Bomba likajengwa hata hivyo mpaka Dar es Salaam. Hasira ilikuwapo, umaskini ulikuwapo, dini ni ile ile, na lugha karibu ni ile ile. Vita ya msituni haikuja. Kama gesi peke yake ingetosha, ingetosha huku kwanza. Kwa maoni yangu tofauti ni mbili. Mtwara hapakuwa na kundi lililokwisha jipanga kwa silaha likiingojea hasira ile. Na hasira yetu, pamoja na maumivu yake yote, ilipata pa kusemea: kwenye vyama, bungeni, kwenye sanduku la kura. Mocímboa milango hiyo ilikuwa imefungwa, au watu waliamini imefungwa, na matokeo yakawa yale yale.

Kwa hiyo gesi haikuianzisha vita, ila iliwapa wapiganaji maneno. Wakulima na wavuvi wa rasi ya Afungi walihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda ili kupisha mradi, na mvuvi aliyewekwa mbali na bahari hata apewe nyumba ya bati haoni amepata nini. Kazi walizoahidiwa waliziona zikienda kwa watu wa kusini, wa Maputo.

Mimi kwa kweli, kuliko gesi naona tulitakiwa kuitazama zaidi Montepuez, wilaya ya bara ya jimbo hilo hilo. Huko ziligunduliwa rubi mwaka 2009, zikavuta wachimbaji wadogo kutoka kila upande, wakiwemo vijana wetu wengi. Mwaka 2011 ikaundwa kampuni ya Montepuez Ruby Mining, asilimia 75 ya Gemfields, kampuni ya vito ya London, asilimia 25 ya kampuni ya Msumbiji yenye uhusiano na jenerali mmoja wa vita ya ukombozi. Wachimbaji wadogo walifukuzwa, wengine walipigwa na kuuawa. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi iliyofunguliwa London na wanakijiji na wachimbaji, bila kukiri kosa. Operesheni kubwa ya kuwafukuza ilikuwa mwanzoni mwa 2017. Watanzania waliotimuliwa walivuka kurudi huku wakiwa hawana kitu. Miezi michache baadaye ikaja ile Oktoba. Sisemi wachimbaji waligeuka wapiganaji wote, hapana. Nasema eneo zima lilijaa vijana walionyang'anywa riziki mbele ya macho yao na askari wa serikali, na kundi lililokuwa likihubiri kwamba serikali hiyo ni adui likapata wasikilizaji ambao miaka ya nyuma halikuwa nao.

Mjomba wako anaumia, namwelewa. Kila bomu linalolipuka anatazamwa yeye na kanzu yake. Lakini kusema dini haimo kabisa kunawanyima haki watu fulani, nao ni masheikhe wa Cabo Delgado wenyewe. Wao ndio waliowaona mapema vijana wanaoingia msikitini na viatu, wanaokataza watoto wasipelekwe shule za serikali, wanaokataa mahakama na vitambulisho, wanaowaita wazazi wao makafiri. Waliwafukuza misikitini, wakagombana nao, wakaenda kulalamika serikalini. Serikali ilichelewa, na ilipoamka baada ya Oktoba 2017 ikafunga misikiti na kukamata watu kwa mamia, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Fikra ya dini ndiyo iliyoanzisha kundi. Ilikuwa fikra ya wachache, iliyokataliwa na Waislamu walio wengi, na Waislamu hao ni miongoni mwa waliouawa. Mjomba anaweza kuyasema yote hayo bila aibu.

Hapo pia uondoe jambo moja dogo. Watu wa huko huwaita wapiganaji Al-Shabaab, na wengi wanadhani ni wale wa Somalia. Jina limefanana, makundi ni mawili tofauti, na hata mtandao wa mbali wanaoutii ni tofauti: wa Somalia wako upande wa al-Qaeda, wa Cabo Delgado upande wa Dola ya Kiislamu.

Jirani wa Kibiti naye ameshika kipande. Mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalipamba moto mwaka 2017. Aprili 13 mwaka huo waliuawa polisi wanane. Msako ulipokuwa mkali baadhi ya waliokuwa wakitafutwa walivukia kusini. Abu Yasir Hassan, ambaye Marekani ilimtaja mwaka 2021 kuwa kiongozi wa kundi, ametajwa katika ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuwa Mtanzania. Lakini Bonomade Machude Omar, aliyekuwa kamanda mkubwa wa vitani mpaka kifo chake kilipotangazwa Agosti 2023, alikuwa kijana wa Cabo Delgado. Na Oktoba 2020 mauaji yalivuka kuja huku, Kitaya. Watu wa kingo mbili za Ruvuma wameoana, wamefanya biashara na wamesoma madrasa pamoja tangu kabla Wajerumani na Wareno hawajaufanya mto huo mpaka mwaka 1886. Kila kitu hupita pale, kwenda na kurudi. Wao wakisema ugonjwa umetoka Tanzania, na sisi tukisema umetoka Msumbiji, serikali zote mbili hupata nafasi ya kutojitazama.

Swali la tatu, kwa nini haiishi, ndilo lililosahauliwa nyumbani kwenu, nami naliona kubwa. Mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International na Human Rights Watch, yameandika juu ya askari wa serikali kutesa na kuua raia. Mwandishi wa habari Ibraimo Mbaruco alitoweka Palma Aprili 2020 baada ya kuwaarifu wenzake kwamba askari wanamzonga, na mpaka leo hajaonekana. Mwanakijiji anayeogopa pande zote mbili hatoi taarifa kwa yeyote. Mwaka 2021 wakaja Wanyarwanda, kisha majeshi ya SADC, Tanzania ikiwemo. Mocímboa ikakombolewa Agosti mwaka huo. Wapiganaji hawakwisha: waligawanyika vikundi vidogo vya msituni, na majeshi ya SADC yaliondoka mwaka 2024. Zaidi ya watu 6,000 wamekufa, na waliokimbia makazi yao walipita milioni moja.

Basi ukiniuliza mimi: kundi la dini lenye msimamo mkali liliianzisha, dhuluma za ardhi, rubi, gesi na upendeleo ziliieneza, na ukatili wa pande zote pamoja na serikali isiyowafikia watu wake vinaiendeleza. Wako wasomi wanaouweka umaskini mbele, na wako wanaoliweka mbele jina la Dola ya Kiislamu. Ninachowalaumu hawa wa pili ni kwamba wanaziona bendera vizuri kuliko vijiji. Wa kwanza nao wanashindwa kueleza mbona maskini walio wengi hawakushika panga.

Na hapo tunafika kwa mdogo wako. Usimpige kelele, wala usimnyang'anye simu mbele za watu; atajificha tu na utakuwa umepoteza nafasi ya kujua anachotazama. Mkubalie kwanza lililo kweli: wanyonge wa Cabo Delgado wapo na wamedhulumiwa. Kisha muulize hao watetezi wamewafanyia nini. Msimulie Xitaxi. Aprili 2020, kwa maelezo ya polisi wa Msumbiji, vijana 52 wa kijiji hicho waliuawa kwa kukataa kujiunga. Walikuwa vijana kama yeye, maskini kama yeye, na walisema hapana. Muulize pia kuhusu mama yake mdogo, aliikimbia Palma akimkimbia nani.

Kuangalia video peke yake si lazima iwe balaa. Wengine hutazama kwa udadisi au kwa uchungu. Mambo yanayonitia hofu ni mengine. Ana rafiki mpya asiyetaka kumleta nyumbani? Ameahidiwa kazi ng'ambo, ya uvuvi, ya madini, au masomo ya bure, bila maelezo ya kueleweka? Ameuza vitu vyake? Ameanza kuwaita wazazi makafiri na kuikataa sala ya msikiti wa mtaani? Ukiona mawili ya hayo, usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Nenda kwa sheikh mnayemwamini, anayeijua dini vizuri na anayejua kukaa na vijana, aje azungumze naye ana kwa ana. Muone na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Najua utaogopa polisi, na hofu hiyo ina sababu zake. Nikupe pande zote mbili. Kwenda polisi mapema kunaweza kumletea kijana maswali magumu, kwa hiyo nenda na mtu mzima mnayemheshimu, mjomba au mwenyekiti wa mtaa, na mwanasheria mkimpata. Kutokwenda kabisa kuna hatari kubwa zaidi: akishavuka Ruvuma kujiunga, anakuwa ametenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na huko si rahisi kurudi kwa kusema amebadili mawazo. Kama umesikia tarehe ya safari, hapo hakuna cha kupima, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Kuhusu mama mdogo, nenda ofisi ya Chama cha Msalaba Mwekundu hapo Mtwara uwaombe huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana. Hawatozi kitu, na wanashirikiana na wenzao wa Msumbiji. Usimlipe mtu yeyote wa bandarini au wa mtandaoni anayedai amemwona Pemba (ile ya Msumbiji, mji mkuu wa Cabo Delgado) na anaweza kumleta. Aende mama mwenyewe ikiwezekana, maana watauliza mambo anayoyajua yeye: jina la baba na la bibi, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa, watoto aliokuwa nao siku ile, alama mwilini, picha hata ikiwa ya zamani. Na majina yaandikwe kwa namna zote mbili, ya kwetu na ya Kireno, kwa sababu Hamisi kwenye karatasi zao ni Amisse, Hassani ni Assane, na Mohamedi huandikwa Momade. Jina lililoandikwa kwa tahajia ya Mtwara peke yake linaweza kupitwa kwenye orodha ya wakimbizi ya Pemba au ya Metuge, wilaya ya jirani yake, ilhali mwenyewe yupo pale.